Edward Steere na Nunda wa Sultani Majinuni: Maisha ya Mkusanyaji wa Ngano za Unguja

Jina la Edward Steere hutajwa kwa kawaida katika historia ya sarufi na tafsiri za Kiswahili. Mchango wake katika fasihi simulizi, na hasa katika kuhifadhi viumbe wa kutisha wa ngano za pwani, haujapewa uzito unaostahili. Hata hivyo, ni katika uwanja huo ambapo maisha yake yanawafaa zaidi watunzi wa leo, wakiwemo wale wanaobuni michezo ya mezani ambamo kila mchezaji huchukua nafasi ya mhusika, na msimulizi mmoja huwaletea maadui wa kupambana nao.

Steere alizaliwa London mwaka 1828, mtoto wa mwanasheria. Yeye mwenyewe alisomea sheria katika Chuo Kikuu cha London, akatunukiwa shahada ya udaktari wa fani hiyo mwaka 1850, akaruhusiwa kufanya kazi ya uwakili mwaka huohuo. Kazi ya mahakama haikumkaa moyoni. Mwaka 1856 alipewa daraja la ushemasi katika Kanisa la Kianglikana, na baadaye akahudumu katika parokia za vijijini Uingereza. Rafiki yake William Tozer alipoteuliwa kuongoza Misheni ya Vyuo Vikuu katika Afrika ya Kati, Steere alifuatana naye mwaka 1863. Misheni ilikuwa imepata hasara kubwa ya watu katika nchi za bonde la Shire, na mwaka 1864 makao yake yalihamishiwa Unguja.

Unguja aliyoikuta Steere ilikuwa chini ya Seyyid Majid, na soko la watumwa la Mkunazini lilikuwa wazi. Katika mazingira hayo alianza kujifunza lugha kwa kuwasikiliza wenyeji. Mwaka 1865 alichapisha makusanyo yake ya awali ya sarufi na msamiati. Mwaka 1870, akiwa amerudi Uingereza, alitoa vitabu viwili: mwongozo kamili wa lugha na mkusanyiko wa ngano ulioitwa Swahili Tales. Katika mkusanyiko huo matini ya Kiswahili iliwekwa mkabala na tafsiri ya Kiingereza, na jina kamili la kitabu lilikiri kwamba ngano hizo zilisimuliwa na wenyeji wa Unguja.

Miongoni mwa ngano hizo imo ile ya Sultani Majinuni. Sultani huyu alikuwa na wana saba na paka mmoja. Paka alianza kwa kukamata ndama. Watu walipokwenda kushtaki, sultani alikata shauri kwamba paka ni wake na ndama ni wake, basi hapana kesi. Mashtaka yakaongezeka kadiri windo lilivyokua: mnyama mkubwa baada ya mdogo, kisha mtoto, kisha mtu mzima. Kila mara walalamikaji walirudi na hukumu ileile. Siku sultani alipotoka kuitembelea nchi yake pamoja na wanawe, kiumbe huyo aliruka kutoka kichakani akawaua watatu kati yao. Hapo ndipo sultani alipokiri kwamba huyo hakuwa paka tena bali nunda, mla watu. Mwana wa saba, kijana wa kukaa jikoni ambaye hakutarajiwa kufanya lolote, ndiye aliyeondoka kwenda kumtafuta.

Upekee wa kisa hiki hauko katika ukubwa wa nunda. Maelezo ya umbo lake ni machache mno. Kinachomfanya awe adui wa kukumbukwa ni mfululizo wa hukumu zilizomlea. Kila mhanga ana mtu aliyeonya kabla yake, na kila onyo lilizimwa na hoja ya umiliki. Nunda hakuvamia ufalme kutoka nje; alikulia ndani yake, kwa idhini.

Lugha yenyewe inathibitisha jambo hilo. Jina Majinuni linatokana na neno la Kiarabu lenye maana ya mwendawazimu, na mzizi wake ndio uliozaa neno jini. Kwa upande wa Kibantu, uhusiano huohuo unaonekana katika mzizi -zimu, unaojitokeza katika mzimu, kuzimu, wazimu na zimwi. Katika mapokeo yote mawili yaliyokutana pwani, wazimu wa mtu na kiumbe wa kutisha ni ndugu wa neno moja. Aidha, kubadilika kwa jina kutoka paka kuwa nunda ni tukio muhimu la ngano nzima: mnyama hakubadilika siku ile, kilichobadilika ni utayari wa mtawala kumwita kwa jina lake.

Vilevile, safari ya kijana ni ya kutafuta jina. Kila anapoua mnyama, kuanzia mbwa hadi tembo, humwimbia mama yake kwamba nunda amekufa, na mama humjibu kwa wimbo kwamba huyo siye. Steere aliona katika dibaji yake kwamba ngano za wenyeji huwa na kiitikio ambacho wote hushiriki kukiimba. Kwa hiyo hadhira pia huingia katika kazi ya kumtambua adui.

Steere alirudi Unguja mwaka 1872. Mkataba wa Juni 1873 uliotiwa saini na Seyyid Barghash ulifunga soko la watumwa, na siku ya Krismasi ya mwaka huo jiwe la msingi la kanisa liliwekwa mahali hapohapo. Mwaka 1874 Steere aliwekwa wakfu kuwa askofu. Mwaka 1876 aliongoza kundi la watumwa waliokombolewa kutoka pwani ya Lindi, wakaanzisha makazi Masasi. Kanisa la Mkunazini lilifunguliwa Krismasi ya mwaka 1879. Alifariki Unguja mwezi Agosti 1882, akiwa amekamilisha tafsiri ya Agano Jipya, akazikwa katika kanisa hilo.

Si sahihi kudai kwamba ngano ya nunda ilitungwa kuwa fumbo la soko la watumwa. Lakini ilisimuliwa na kuandikwa katika mji ambamo kauli ya mtu kuwa mali ya mtu mwingine ilikuwa hoja ya kisheria, na mwandishi wake alikuwa mwanasheria. Kuzihifadhi zile hukumu moja baada ya nyingine, bila kuzifupisha, ni uaminifu ambao thamani yake ni kubwa.

Nunda alisafiri mbali baada ya Steere. Mwaka 1901 alionekana katika mkusanyiko wa Andrew Lang na katika ule wa George Bateman uliotolewa Chicago. Mwaka 2001, J. K. Rowling alimweka katika orodha yake ya wanyama wa ajabu kiumbe wa Afrika Mashariki mwenye jina linalokaribiana sana na hilo, nundu, ambaye hupimwa kwa sumu ya pumzi yake na kwa wachawi 100 wanaohitajika kumshinda. Ndivyo pia michezo ya mezani, tangu Dungeons & Dragons ilipotolewa Marekani mwaka 1974, ilivyozoea kuwaorodhesha mazimwi kwa nguvu, silaha na udhaifu wao. Orodha kama hiyo humwacha sultani nje, na bila sultani nunda hubaki kuwa paka mkubwa tu.

Mtunzi wa mchezo, awe Kawe au Chicago, anayetaka zimwi lenye uzito hana budi kuwapa wachezaji walalamikaji kabla ya kuwapa makucha. Wakutane kwanza na mwenye ndama. Waende naye mbele ya mtawala, waisikie hukumu, kisha waamue wenyewe kama wataendelea kumwita adui huyo paka.