Maria Montessori: Mtetezi wa watoto waliotengwa aliyemficha mwanawe

JINA Montessori si geni kwa wakazi wa miji ya Kenya. Limeandikwa kwenye malango ya shule za chekechea, aghalabu zile zinazotoza karo ya juu, na kwenye vyeti vya walimu waliofuzu kuwafunza watoto wadogo. Si ajabu mzazi anayelipa karo hiyo akadhani kuwa mfumo huo ulibuniwa kwa ajili ya watoto wa wenye nacho. Kumbe ulianzia kwa watoto waliofungiwa pamoja na wagonjwa wa akili jijini Roma, watoto ambao hapakuwa na shule iliyowataka.

Maria Montessori alizaliwa Agosti 31, 1870 katika mji mdogo wa Chiaravalle, karibu na bandari ya Ancona nchini Italia. Babake, Alessandro, alikuwa mtumishi wa serikali na hakupendezwa na azma ya bintiye ya kusomea udaktari. Mamake, Renilde, ndiye aliyempa moyo. Katika Chuo Kikuu cha Roma alilazimika kupasua maiti akiwa peke yake baada ya saa za masomo, kwa kuwa ilionekana ni aibu mwanamke kuutazama mwili ulio uchi akiwa kati ya wanaume. Alihitimu mwaka 1896, akawa miongoni mwa wanawake wa kwanza nchini humo kupata shahada ya udaktari.

Muda mfupi baadaye alijiunga na kliniki ya magonjwa ya akili ya chuo hicho. Kazi hiyo ilimfikisha katika hospitali za wendawazimu, ambamo watoto waliwekwa pamoja na watu wazima. Wakati huo usonji haukuwa umetambuliwa na madaktari, na waliorundikwa humo walipewa jina moja tu, wapungufu wa akili. Inasimuliwa kwamba katika chumba kimojawapo mhudumu alimlalamikia kuwa watoto wale ni walafi, kwani kila baada ya mlo walijitupa sakafuni kuokota makombo ya mkate. Montessori alitazama huku na huku. Chumba kilikuwa kitupu, hakina hata kijiti cha kuchezea. Akatambua kuwa makombo yale ndiyo kitu pekee ambacho mikono ya watoto hao iliweza kushika.

Alianza kusoma maandishi ya madaktari wawili wa Ufaransa waliokuwa wamesahaulika. Wa kwanza, Jean Itard, alijitahidi miaka mingi kumfunza mvulana aliyepatikana akiishi msituni Aveyron. Wa pili, Édouard Séguin, alikuwa mwanafunzi wa Itard na aliunda vifaa vya kuwafunza watoto kupitia hisia za mwili. Montessori alivitafsiri vitabu vyao na kuvinakili kwa mkono wake mwenyewe, neno kwa neno, ili asipitwe na lolote. Mnamo Septemba 1898, akiwa mjini Turin mbele ya kongamano la walimu, alitoa hoja iliyowashangaza wengi: watoto hao walihitaji mwalimu zaidi ya walivyohitaji daktari.

Mwaka 1900 ilifunguliwa Roma shule ya kuwaandaa walimu wa watoto hao, naye akaiongoza pamoja na daktari mwenzake, Giuseppe Montesano. Alikaa na watoto kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa moja jioni, kisha usiku akaandika aliyoyaona. Alichongesha herufi za mbao ambazo mtoto alizifuatisha kwa kidole kabla ya kutakiwa kuziandika. Palikuwa na msichana wa miaka 11 aliyeshindwa kabisa kushona. Badala ya kumkaripia au kuendelea kumshikisha sindano, Montessori alimpa vipande vya karatasi asuke mkeka. Alipoumudu usukaji, alirudishiwa sindano, akashona. Hapo mwalimu alijifunza kuwa mkono huandaliwa kwanza kwa kazi nyepesi inayofanana na ile inayotakiwa.

Baadhi ya watoto waliotoka katika hospitali zile walijua kusoma na kuandika, wakaketi mtihani wa shule za umma pamoja na watoto wengine, wakafaulu. Watu waliita jambo hilo muujiza. Yeye alijiuliza swali jingine: ikiwa hawa wamefika hapo, ni kitu gani kinachowarudisha nyuma watoto wenye afya katika shule za kawaida?

Swali hilo ndilo lililomjengea umaarufu, na ndilo lililomwondoa kwa wale waliomfunza kazi. Mwaka 1901 aliiacha shule ile. Ikumbukwe pia kwamba hata alipowapigania, alidai wajengewe shule na madarasa yao wenyewe, si kwamba waketi pamoja na wenzao. Alikuwa mtu wa enzi yake. Alipima hata mafuvu ya vichwa vya wanafunzi, desturi ambayo sayansi iliitupa baadaye.

Palikuwa na sababu nyingine ya kuondoka. Machi 1898 alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, Mario, ambaye babake alikuwa Montesano. Hawakuoana. Kwa mwanamke wa Italia ya wakati huo, kuzaa nje ya ndoa kulitosha kuzika jina na kazi, na mtoto alipelekwa kwa siri kulelewa na familia moja mashambani. Montesano alipomwoa mwanamke mwingine, Montessori hakuweza kuendelea kufanya kazi kando yake. Hivyo mwanamke aliyezunguka akiwatetea watoto waliofichwa na jamii alikuwa na wake aliyemtembelea bila kumwambia kuwa yeye ndiye mamake. Si haki kumhukumu bila kuihukumu jamii iliyomweka njia panda, lakini aliyelipa gharama ni mtoto.

Januari 6, 1907 alifungua Nyumba ya Watoto katika mtaa wa kimaskini wa San Lorenzo, akitumia vifaa alivyovijaribu kwa wale wa hospitali. Kitabu chake cha 1909 kilisomwa duniani kote, na mwaka 1915 darasa lake lenye kuta za vioo lilivuta umati San Francisco. Mussolini alimuunga mkono kwa muda, kisha wakakosana, na mwaka 1934 akaondoka Italia.

Mario alikuja kuishi naye mwaka 1913, miezi michache baada ya Renilde kufariki. Mbele za watu aliitwa mpwa au mwana wa kupanga. Wawili hao walienda India mwaka 1939, na Italia ilipoingia vitani mwaka uliofuata, Waingereza walimzuilia Mario. Aliachiliwa Agosti 31, 1940, siku mamake alipotimiza miaka 70, na ujumbe wa serikali ulimtaja waziwazi kuwa mwanawe. Montessori alifariki Mei 6, 1952 mjini Noordwijk aan Zee, Uholanzi. Katika wasia wake, Mario alitajwa kuwa mwana.

Watoto wa aina ya wale wa mwaka 1900 walibaki katika vyumba vyao. Sura ya Montessori ilichapishwa kwenye noti ya lira 1,000 kuanzia 1990, lakini mlango wa darasa la kawaida haukuwa umefunguliwa na yeye. Ulifunguliwa na sheria nambari 517 ya Agosti 1977, baada ya miaka mingi ya shinikizo la wazazi na walimu. Sheria hiyo ilifuta madarasa ya kutengwa katika shule za Italia, ikaagiza mwalimu wa ziada awepo kumsaidia mtoto mwenye ulemavu, na kwamba darasa lililompokea lisizidi wanafunzi 20.