Mwenye Kiwanja si Mwenye Klabu

Wapenzi wa kandanda wa Unguja na Pemba hawahitaji kufundishwa majina ya Liverpool na Everton. Kila msimu wa ligi ya Uingereza unapoanza, vijana kwa wazee hujazana mbele ya televisheni, na mabishano ya usiku huendelea barazani hata siku ya pili. Lakini ni wachache wanaojua kwamba viwanja vya asili vya klabu hizi mbili vimetenganishwa na bustani moja tu, na kwamba moja ya klabu hizo ilizaliwa kutokana na mfarakano ndani ya nyingine. Chanzo cha mfarakano huo hakikuwa rangi ya fulana. Chanzo chake kilikuwa kodi ya kiwanja. Mtu aliyesimama katikati ya ugomvi huo aliitwa John Houlding. Leo tumeona inafaa tumkumbuke, kwani maisha yake yana funzo kwa kila mfadhili, kila mwanachama na kila ofisa aliyekabidhiwa dhamana ya michezo.

Houlding alizaliwa mjini Liverpool mwaka 1833. Hakuzaliwa katika utajiri. Baba yake alikuwa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa. Kijana huyo aliajiriwa katika kiwanda cha bia, akapanda ngazi kwa bidii na akili, na hatimaye akafungua kiwanda chake mwenyewe. Mali ilipoongezeka, akaingia katika siasa kwa upande wa Chama cha Wahafidhina. Akawa diwani wa eneo la Everton, na watu wakamwita Mfalme John wa Everton, wengine kwa mapenzi na wengine kwa kejeli.

Wakati huo kandanda lilikuwa likianza kuota mizizi katika miji ya viwanda. Mwaka 1878 vijana wa kanisa la Methodisti la St Domingo waliunda timu yao, na mwaka uliofuata wakaibadili jina kuwa Everton ili iwe ya watu wote wa mtaa. Walicheza katika bustani ya Stanley, mahali ambapo hapakuwa na ua wala kiingilio. Watazamaji walipokuwa wengi, ikabidi patafutwe kiwanja chenye lango. Hapo ndipo Houlding alipotoa mkono wake. Mwaka 1884, kwa jitihada zake, Everton ilipata mahali pa kuchezea katika barabara ya Anfield, kwenye ardhi ya mfanyabiashara mwenzake aliyeitwa John Orrell. Mwaka uliofuata Houlding aliinunua ardhi hiyo yeye mwenyewe.

Hatuna budi kusema kweli juu ya mtu huyu. Bila ya Houlding, huenda Everton isingefika popote. Alikuwa rais wa klabu, aliikopesha fedha, alitumia jina lake kuifungulia milango, na mwaka 1888 klabu hiyo ikawa miongoni mwa klabu 12 zilizoanzisha Ligi ya Uingereza. Mwaka 1891 ikatwaa ubingwa wa ligi. Mfadhili aliyeyatenda hayo hastahili kuitwa adui wa kandanda.

Lakini wanachama walikuwa wakihesabu. Kodi ya kiwanja, iliyokuwa pauni 100 kwa mwaka hapo mwanzo, ilifika pauni 250 katika msimu wa 1889-90. Wachezaji walibadili nguo katika hoteli ya Sandon, ambayo ilikuwa mali ya Houlding. Haki ya kuuza vinywaji kiwanjani ilikuwa yake pia. Kadiri timu ilivyoshinda, ndivyo watu walivyojaa. Na kadiri watu walivyojaa, ndivyo mwenye kiwanja alivyopata. Miongoni mwa wanachama walikuwamo waumini wa Methodisti waliochukia ulevi, na walikuwamo Waliberali waliompinga katika baraza la mji. Hata hivyo, tukiweka kando dini na siasa, bado linabaki jambo moja zito. Houlding alikuwa rais wa mpangaji, na papo hapo alikuwa mpangishaji. Kila mkataba ulipojadiliwa, alikuwa ameketi pande zote mbili za meza.

Mgogoro ulifikia kilele Houlding alipopendekeza paundwe kampuni ambayo ingeinunua ardhi yake pamoja na ardhi ya jirani yake Orrell. Wanachama waliona kwamba wanatakiwa kulipa bei kubwa kwa kitu ambacho wao wenyewe, kwa viingilio vyao, ndio waliokipa thamani. Wakataka kuendelea kupanga kwa kodi ya pauni 180. Houlding akakataa. Kiongozi wa upinzani alikuwa George Mahon, mpiga kinanda kanisani na mtu wa mahesabu. Yeye aliwaambia wenzake jambo ambalo wengi waliliogopa: kwamba klabu inaweza kuhama.

Mwezi wa Machi mwaka 1892 wanachama walikutana, wakapiga kura, na wengi wao wakaamua kuondoka Anfield. Houlding alikwisha kusajili kampuni yenye jina la Everton, akidhani kwamba jina litabaki na kiwanja. Chama cha Kandanda cha Uingereza kikaamua vingine: jina ni la wanachama walio wengi, si la mwenye ardhi. Houlding akabaki na majukwaa, nyasi na wachezaji wachache mno. Wenzake wa jana wakavuka kwenda upande wa pili wa bustani, wakakodi shamba lililokuwa limejaa majani, wakalisawazisha, na mwezi wa Agosti mwaka huohuo wakafungua kiwanja cha Goodison Park. Daktari mmoja mwanachama, James Baxter, aliwakopesha pauni 1,000 bila ya riba. Mwaka 1895 wakainunua ardhi hiyo.

Wengine wangekata tamaa, lakini Houlding hakuwa mtu wa kukata tamaa. Akiwa na kiwanja kisicho na timu, aliamua kuunda timu. Akaiita Liverpool. Rafiki yake John McKenna alisafiri hadi Scotland kutafuta wachezaji, na waliotoka huko wakawa wengi kiasi cha timu kuitwa timu ya kina Mac. Tarehe 1 Septemba 1892 Liverpool ilicheza mchezo wake wa kwanza na kuifunga Rotherham Town mabao 7 kwa 1. Watazamaji walikuwa wachache, kwani jioni hiyohiyo Everton ilikuwa ikicheza Goodison, na mapenzi ya watu yalikuwa yamehama pamoja na klabu. Houlding alijifunza siku hiyo kwamba majukwaa hununuliwa kwa fedha, lakini wanaoyajaza hawanunuliki.

Aliendelea kutoa. Liverpool ilishinda Ligi ya Lancashire katika msimu wake wa kwanza, ikaingia Daraja la Pili mwaka 1893 na kulimaliza bila ya kufungwa hata mchezo mmoja. Oktoba 1894 klabu hizo mbili zilikutana katika ligi kwa mara ya kwanza, na Everton ikashinda mabao 3 kwa 0. Mwaka 1897 Houlding alichaguliwa kuwa Meya Mkuu wa Liverpool. Mwaka 1901 klabu yake ilitwaa ubingwa wa Uingereza, na hivyo akawa amehusika na ubingwa wa klabu mbili za mji mmoja ndani ya miaka 10. Alifariki dunia tarehe 17 Machi 1902 mjini Nice, Ufaransa. Mji wake ulimzika kwa heshima, na hata wale waliomwangusha miaka 10 kabla walikiri kwamba kandanda la Liverpool lilikuwa na deni kwake.

Tukiyatazama maisha haya, twaona kwamba swali si kama mfadhili ni mwema au mbaya. Houlding alikuwa mwema kwa namna nyingi. Kosa lilikuwa kwamba hapakuwa na mpaka uliochorwa kati ya mfuko wake na mfuko wa klabu. Na pasipo mpaka, wema wa leo hugeuka madai ya kesho. Wanachama wa Everton waliokoka kwa sababu mbili tu. Kwanza, walikuwa na mkutano wenye mamlaka ya kupiga kura. Pili, palikuwa na chama cha juu kilichokuwa tayari kuamua kwa haki, ijapokuwa mshindani mmoja alikuwa tajiri na mwanasiasa.

Warithi wao wa zama zetu hawakuwa na bahati hiyo. Klabu zilipogeuka kampuni kamili, shabiki alibaki na tiketi yake na sauti yake. Mwaka 2007 wafanyabiashara wawili wa Marekani waliinunua Liverpool kwa fedha za kukopa, na mzigo wa deni ukaielemea klabu. Mashabiki wa Anfield wakaunda chama chao mwaka 2008, wakaandamana msimu baada ya msimu, lakini hawakuwa na kura ya kupiga. Wamiliki hao waliondoka Oktoba 2010 baada ya mvutano uliofika mahakamani, wakati wadai wao walipotaka fedha zao. Februari 2016 maelfu ya mashabiki waliinuka dakika ya 77 na kutoka kiwanjani, wakipinga tiketi ya pauni 77. Mpango huo ukafutwa. Aprili 2021 klabu hiyo ilijiunga na mpango wa Ligi Kuu ya Ulaya ya matajiri bila ya kuwauliza wapenzi wake, na baada ya siku mbili ikalazimika kujitoa. Kwa upande wa Everton, mashabiki waliandamana dhidi ya uongozi wao mwaka 2023, na katika msimu wa 2023-24 klabu ikapokonywa pointi 8 kwa kuvunja kanuni za matumizi ya fedha. Serikali ya Uingereza yenyewe iliona haja ya kuingilia kati, na Julai 2025 sheria ikapita ya kuunda chombo huru cha kusimamia uendeshaji wa klabu.

Twayaeleza haya si kwa sababu ya kupenda habari za ughaibuni. Klabu zetu nyingi visiwani zilianzishwa mitaani, kwa michango ya watu waliotoa kidogo walichonacho. Leo gharama zimepanda, na kila klabu inatafuta mtu wa kuibeba. Huko Bara, klabu za Simba na Yanga zilipoingia katika mageuzi ya umiliki, utaratibu uliowekwa ulikuwa wanachama wabaki na si chini ya asilimia 51. Huo ni mpaka uliochorwa kabla ya ugomvi, na kuchora kabla ni bora kuliko kuchora baada.

Kwa hiyo rai yetu ni hii. Mfadhili akaribishwe na ashukuriwe, lakini anachotoa kiandikwe: ni zawadi, ni mkopo, au ni hisa. Jina la klabu, rangi zake na kiwanja chake visiwekwe rehani kwa mtu mmoja bila ya idhini ya mkutano mkuu. Hesabu zisomwe mbele ya wanachama kila mwaka, na asiwepo kiongozi anayeiuzia klabu yake vitu huku akijiidhinishia malipo. Nao wahusika serikalini wasisubiri mpaka milango ifungwe kwa minyororo ndipo waulize katiba iko wapi. Na wanachama wenyewe walipe ada na wahudhurie mikutano, maana kura ya Machi 1892 ilipigwa na wale waliofika.

Mtu hatazami mpira kwa ajili ya faida. Hutoa fedha yake, siku yake na moyo wake, na hana anachokirudisha nyumbani ila furaha au huzuni. Mtu kama huyo anastahili angalau kuulizwa. Houlding, kwa ukubwa wake wote, alisahau kuuliza, na asubuhi moja akajikuta mwenye kiwanja bila ya klabu.