Aldo Leopold, mtu aliyefundishwa na kulungu

Aldo Leopold alizaliwa mwaka 1887 kule Burlington, jimbo la Iowa, Marekani. Mwaka 1909 akaingia kazi ya serikali ya kulinda misitu, huko Arizona na New Mexico. Siku zile watu walisema mbwa mwitu wauawe, ndipo kulungu watakuwa mingi. Naye aliamini vile, hata yeye mwenyewe aliwapiga risasi.

Lakini kule Kaibab, Arizona, wanyama wakali walipopunguzwa sana, kulungu walizaana kupita kiasi. Wakamaliza majani na miche, kisha miaka ya 1920 wakafa njaa kwa wingi. Leopold akaelewa: pori lina kipimo chake, sawa vile shamba.

Mwaka 1933 akawa profesa kule Wisconsin. Baadaye akaomba kulungu wa jimbo hilo wapunguzwe, hata majike. Wawindaji wengi wakamkasirikia, lakini hakuacha.

Alikufa tarehe 21 Aprili 1948, akisaidia kuzima moto wa majani kwa jirani.

Fundisho lake ni hili: usihesabu wanyama peke yao, angalia pia kama chakula chao kinabaki.