Karl Weule: Mjerumani aliyewapiga picha wafinyanzi wa Newala mwaka 1906

Mwanamke wa Kimakua anafinyanga chungu. Hana meza, hana mashine, hana hata gurudumu la mfinyanzi. Ana udongo na mikono yake.

Picha hiyo ina zaidi ya miaka 100. Ni miongoni mwa picha za mwanzo kabisa za kazi ya ufinyanzi katika eneo ambalo leo ni Mkoa wa Mtwara. Aliyeshika kamera alikuwa Karl Weule, mtu wa makumbusho kutoka mji wa Leipzig, Ujerumani.

Weule alizaliwa tarehe 29 Februari 1864, ile siku inayokuja kila baada ya miaka minne. Alisomea jiografia, akafanya kazi katika makumbusho ya Berlin, na mwaka 1899 akahamia Leipzig. Kazi yake ilikuwa kupanga na kueleza vitu vya watu wa Afrika na mabara mengine ambako hakuwahi kufika. Alikuwa na miaka 42 alipopata nafasi ya kuja Afrika.

Na hakuja kwa ajili ya Mtwara. Safari yake, iliyotumwa na serikali ya kikoloni ya Ujerumani, ilipangwa kwenda kaskazini. Alipofika Dar es Salaam katikati ya 1906 akaambiwa huko kuna ghasia. Basi akageuziwa kusini, akashuka Lindi.

Lakini kusini nako vita ilikuwa ndiyo kwanza inapoa. Maji Maji ilianza 1905, na misheni ya Masasi ilikuwa imeharibiwa mwaka huohuo. Wajerumani walijibu kwa risasi na kwa kuchoma mashamba na maghala ya chakula. Wanahistoria wengine wanakadiria waliokufa, wengi wao kwa njaa, walifika 300,000. Pale Lindi, Weule aliwakuta wafungwa wamefungwa minyororo shingoni.

Hilo ni muhimu ukizitazama picha zake. Mgeni huyu hakutembea peke yake. Alikuwa na askari wenye bunduki na msururu wa wapagazi wa Kinyamwezi, wakiongozwa na mnyampara aliyeitwa Pesa Mbili. Kijiji kilichotoka kuona askari wakichoma maghala, leo kinaona askari wanakuja na kamera. Haishangazi kwamba kuna watu walikimbilia porini.

Alitoka Lindi kwenda Masasi, akafika Chingulungulu kwa Matola, mkuu wa Wayao, akateremka hadi mto Ruvuma, kisha akapanda uwanda wa Wamakonde na kuweka kambi Newala. Alikuwa na Nils Knudsen, baharia wa Norway aliyekuwa ameishi na wenyeji miaka mingi na kuzijua lugha zao. Bila Knudsen, na bila wazee waliokubali kukaa naye na kuzungumza, pengine kitabu chake kingekuwa chembamba sana.

Newala ndiko alikokaa na kuangalia kazi za mikono. Uhunzi, nguo za magome ya miti, namna ya kupekecha moto, na vyungu.

Ufinyanzi ulikuwa kazi ya wanawake. Hapakuwa na kiwanda chenye bomba la moshi, kiwanda kilikuwa uani. Udongo unachimbwa, unasafishwa na kukandwa mpaka ulainike. Mfinyanzi analitoboa bonge kwa mikono, anapandisha kuta zake kidogo kidogo, anasawazisha kwa gunzi la hindi au kipande cha kibuyu, halafu analainisha kwa kokoto. Chungu kikikauka kinachomwa hapohapo nje, kwa kuni zilizorundikwa juu yake. Tanuri hakuna.

Kilichomvutia zaidi Weule ni jinsi chombo kilivyozungushwa huku kikifinyangwa. Yeye aliona hapo mwanzo wa gurudumu la mfinyanzi. Wasomi wa Ulaya wa wakati ule walipenda sana kupanga watu kama ngazi, nani yuko chini na nani juu, na Weule hakuwa tofauti. Hata hivyo macho yake yalikuwa makali. Hatua za kazi alizifuata moja baada ya nyingine.

Kwa mtu wa Newala, mtungi haukuwa pambo. Uwanda ule haukuwa na mito wala visima vya karibu. Wanawake walishuka mabondeni kuchota maji, kisha wakapanda mlima na mtungi kichwani. Weule aliliona hilo pia na akaliandika. Mtungi ukivunjika njiani, safari nzima imepotea.

Si kila alichopiga picha kilistahili kupigwa. Weule alihudhuria ngoma za unyago, pamoja na za wasichana, akiwa na kamera za picha na za sinema. Mwanamume, mgeni, mwenye askari nyuma yake. Nani angemwambia atoke?

Alibeba pia fonografu, mashine ya kunasa sauti kwenye vibomba vya nta. Nyimbo za wapagazi wake Wanyamwezi zilifika Ujerumani, na mwaka 1909 mtaalamu wa muziki Erich von Hornbostel akazichapishia uchambuzi.

Weule alirudi Leipzig na shehena ya vinyago, silaha, vyombo na picha. Mwaka 1907 akawa mkurugenzi wa makumbusho yake. Mwaka 1908 akatoa kitabu cha safari, na mwaka uliofuata Alice Werner, ambaye baadaye alifundisha Kiswahili London, akakitafsiri kwa Kiingereza. Tafsiri hiyo leo inasomeka bure mtandaoni, hata kwenye simu. Mwaka 1920 akapewa uprofesa kamili wa ethnolojia, wa kwanza Ujerumani. Alifariki Leipzig tarehe 19 Aprili 1926.

Desemba 1943 mabomu ya Vita Kuu ya Pili yaliangukia jengo la makumbusho ya Leipzig, na sehemu ya makusanyo ikateketea. Picha zilizochapishwa kitabuni zilisalimika.

Ukikifungua, utakutana na majina: Matola, Nakaam, Knudsen, Pesa Mbili, hata mpishi wake Omari. Ukifika kwenye picha ya mfinyanzi, maelezo yanasema ni mwanamke wa Kimakua anayetengeneza chungu. Jina lake halipo.