Askofu Kasiani Spiss, Mmonaki Aliyeuawa Safarini

Hapa Arua tumewazoea mapadre wa Comboni, lakini mmonaki wengi wetu hatujamwona, isipokuwa waliofika Tororo. Kwa hiyo wenzangu, nanyi mliosoma hapa zamani, nawaletea habari za Mbenedikto mmoja.

Kasiani Spiss alizaliwa mwaka 1866 katika milima ya Tirol, nchi ya Austria. Mwaka 1898 aliingia Ungoni, akaanzisha misheni ya Peramiho. Alijifunza Kingoni, akaandika sarufi yake. Mwaka 1902 akawa Askofu wa Dar es Salaam.

Kanuni ya Mtakatifu Benedikto huamuru kila mgeni apokewe kana kwamba ni Bwana mwenyewe. Mimi ni mzaliwa wa Koboko, karibu na mipaka ya Kongo na Sudan Kusini. Kwetu watu wamewahi kukimbia, na wengine wamekimbilia kwetu, basi jambo hili nalijua kidogo. Lakini kule Peramiho wamonaki ndio waliokuwa wageni, na wenyeji walikuwa Wangoni. Nadhani jambo hilo lilisahauliwa, kwa maana padre mmoja aliichoma nyumba ya mahoka ya Nkosi Mputa, walimoombewa wazee waliokufa. Mgeni gani huchoma nyumba ya mwenyeji wake?

Julai 1905 Vita vya Maji Maji vilianza katika milima ya Umatumbi. Mwezi uliofuata Askofu alitoka Kilwa kwa miguu kwenda Peramiho, pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Tarehe 14 Agosti, huko Mikukuyumbu karibu na Liwale, wakauawa wote watano. Askofu alikuwa na miaka 39.

Waliowaua hawakuwa watu wa Mputa. Walikuwa watu waliochoshwa na kodi na kazi ya pamba ya Wadachi, na machoni pao kila Mzungu alikuwa Mdachi, hata huyu wa Austria. Mimi siwezi kuwasifu, wala siwezi kusema kwamba walikasirika bure.

Septemba misheni ya Peramiho ikachomwa moto. Februari 1906 Wadachi wakamnyonga Mputa na wenzake wengi pale Songea. Baadhi yao walibatizwa kwanza. Kisha wamonaki wakarudi Peramiho, wakajenga upya juu ya majivu, na hospitali yao ingali inapokea wagonjwa mpaka leo.