Dedan Kimathi: Mtu aliyenyongwa kwa sababu ya bastola

Kama wewe ni wa Kawangware, Kangemi ama Lavington na unashuka tao kila siku, bila shaka umempita. Yuko pale Kimathi Street inapokutana na Mama Ngina, karibu na jengo la Hilton, juu ya jiwe lake. Wengi humtumia kama alama tu ya kukutana: nipate hapo kwa Kimathi. Lakini hebu siku moja simama umtazame mikono. Wa kulia umeshika bunduki, wa kushoto kisu. Hizo silaha si pambo. Maisha ya huyu jamaa, na kifo chake, ni hadithi ya watu waliopigana na serikali kubwa bila kuwa na bunduki za kutosha, na zaidi ya yote bila risasi.

Kimathi wa Waciuri alizaliwa Tetu, Nyeri, mwaka 1920. Alisomea Karuna-ini na baadaye Tumutumu, shule ya misheni, na alipenda sana kuandika. Karo ilikuwa shida, kwa hivyo masomo yalikatika katika. Akafanya vibarua vya hapa na pale, akafundisha kidogo, kisha akaingia siasa za KAU huko Ol Kalou na Thomson's Falls, mji tunaouita Nyahururu leo. Huko alikuwa katibu wa tawi. Ukitaka kumwelewa, shika hilo neno: katibu. Hata alipokuwa msituni, aliendelea kuandika barua, kuweka rekodi na kuhifadhi karatasi za mikutano.

Oktoba 20, 1952, Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari. Viongozi wa KAU wakakamatwa. Kimathi akaingia msitu wa Nyandarua akiwa na umri wa miaka 31, akikaribia 32.

Sasa fikiria shida waliyokuwa nayo. Serikali ilikuwa na wanajeshi kutoka Uingereza, polisi, homugadi na baadaye hata ndege za kuangusha mabomu. Masetla wa Karen na vitongoji vingine walikuwa na bastola na bunduki za kuwindia ndani ya nyumba. Waafrika hawakuwa na ruhusa hiyo. Wapiganaji wengi walianza na panga, mikuki na simi.

Ndipo mafundi wakaanza kujitengenezea bunduki. Mtutu ulikuwa paipu ya maji. Komeo la mlango lilifanya kazi ya kugonga risasi, na mpira wa tyubu ndio uliolivuta. Gobore la namna hiyo lingeweza kupiga risasi moja, kisha unahangaika kulitoa ganda ndipo uweke nyingine. Wakati mwingine lilipasuka na kumjeruhi aliyelishika. Lakini usiku, kwa mbali, lilionekana bunduki kamili, na hilo pekee lilitosha kumtia mtu hofu.

Bunduki unaweza kuibuni. Risasi ndiyo mtihani. Marekani kuna wawindaji ambao hukusanya maganda ya risasi za marisau, wakakaa nyumbani wakiyajaza upya kwa mashine ndogo ya mezani ili kupunguza gharama. Kwao ni hobi. Lakini angalia wanachohitaji: ganda, baruti, marisau yenyewe, na fataki, kile kikombe kidogo chini ya ganda kinachowaka kikigongwa. Ganda unaweza kuliokota chini. Baruti ya kisasa na fataki hutoka kiwandani, na hao wawindaji huzinunua dukani. Hapa Kenya, hata leo, huwezi kuamka tu uanze kutengeneza risasi nyumbani. Bila leseni ni jinai. Miaka ile, kwa Mwafrika wa Nyeri au Kiambu, hakukuwa na duka wala leseni. Ukiwa msituni, risasi ikishalia imeisha.

Kwa hivyo kila risasi ilibidi itoke mahali. Ilinunuliwa kwa siri, iliibwa kwa masetla na askari, au ilitekwa vitani. Machi 26, 1953, kikosi kimoja kilivamia kituo cha polisi cha Naivasha, kikachukua bunduki zaidi ya 40 na risasi, na kuwafungua wafungwa zaidi ya 150. Usiku huohuo ndio kulitokea mauaji ya Lari, ambako watu wengi waliuawa, wakiwemo wanawake na watoto. Hatuwezi kuisimulia Naivasha na kuiruka Lari. Vita hivi viligawanya familia, na waliokufa zaidi walikuwa Waafrika, wa pande zote mbili.

Nairobi ndiyo iliyokuwa stoo. Pesa, dawa, nguo na risasi zilitoka mjini kwenda msituni, na wanawake walibeba sehemu kubwa ya mzigo huo. Na usidhani ulikuwa mzigo mdogo. Chini ya sheria za hali ya hatari, kupatikana na bunduki au risasi kulitosha kukupeleka kwenye kitanzi. Si lazima uwe umemuua mtu. Hebu fikiria mama aliyebeba kikapu akipita kizuizi cha polisi, akijua kilicho chini ya mboga kinaweza kumtoa roho.

Agosti 1953 viongozi wa msituni walikutana Mwathe na kumchagua Kimathi kuongoza baraza lao la ulinzi. Mapema 1954 walianzisha Bunge la Kenya, naye akapewa cheo cha waziri mkuu. Lakini mambo yalikuwa yanaharibika. Januari 1954 Waruhiu Itote, yaani Jenerali China, alikamatwa. Aprili 24, 1954, jeshi liliuzingira mji wa Nairobi katika Operesheni Anvil na kukamata maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru. Wengi walipelekwa kambi ya Langata kuchujwa, kisha wengine wakasafirishwa Manyani na Mackinnon Road. Stoo ikafungwa. Bila Nairobi, msitu ulianza kufa njaa, na risasi zikazidi kuadimika. Wakati huohuo viongozi wenyewe walikosana, Kimathi na Stanley Mathenge wakiwa pande tofauti.

Mwishowe waliomsaka walikuwa watu waliomjua. Afisa wa polisi Ian Henderson aliwatumia wapiganaji waliogeuka. Oktoba 21, 1956, alfajiri, askari wa kikabila Ndirangu Mau alimpiga risasi ya mguu pembeni mwa msitu, hukohuko Tetu alikozaliwa.

Hapa ndipo wengi hukosea. Kimathi hakushtakiwa kwa mauaji. Mahakamani Nyeri, mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor, mashtaka yalihusu kupatikana na bastola na risasi. Alijitetea kwamba alikuwa anatoka kujisalimisha. Hakuaminiwa. Novemba 27, 1956, alihukumiwa kifo, rufaa zake zikakataliwa, na Februari 18, 1957, akanyongwa Kamiti akiwa na miaka 36. Katika miaka hiyo serikali ya kikoloni iliwanyonga Wakenya zaidi ya 1,000, wengi wao kwa makosa yasiyokuwa mauaji.

Mwili wake haukukabidhiwa familia. Mjane wake, Mukami, aliomba kwa miongo mingi aonyeshwe kaburi ili amzike mumewe kwa heshima. Alifariki Mei 2023 bila kuonyeshwa.

Sanamu ilizinduliwa na Rais Kibaki Februari 18, 2007, miaka 50 kamili baada ya kunyongwa. Mnara mwingine uko Uhuru Park, uliozinduliwa Septemba 2015: mwanamke anampa mpiganaji chakula, kila mmoja ameangalia upande wake asije akamjua mwenzake. Ukitoka magharibi ya jiji kwa matatu ya 46, si mbali na njia yako. Shuka uione. Ndiyo inayokukumbusha kwamba nyuma ya yule mwanamume mwenye bunduki pale tao kulikuwa na watu wengi wasio na sanamu, waliobeba risasi mojamoja, wakijua bei yake.

Na kaburi bado halijapatikana.