Alidina Visram: Mfanyabiashara aliyeifuata reli hadi ziwani

Miaka mingi kabla ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na hata kabla ya umoja wa forodha wa Kenya na Uganda wa mwaka 1917, mtu mmoja alikuwa ameshaunganisha pwani na nchi za maziwa kwa maduka yake. Jina lake Alidina Visram.

Alizaliwa Kutch, India, katikati ya karne ya 19, akavuka bahari akiwa bado mvulana. Kazi aliijifunza Bagamoyo kwa Sewa Haji Paroo, tajiri wa misafara. Bidhaa kama vitambaa na shanga zilikwenda bara vichwani mwa wapagazi, na pembe za ndovu zikarudi pwani. Matawi yake yalifika Tabora na Ujiji, na Sewa Haji alipofariki mwaka 1897, biashara ya misafara iliangukia zaidi mikononi mwa Visram.

Lakini wakati huo huo Waingereza walikuwa wanajenga reli. Ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu mwishoni mwa 1901. Wengine waliitazama tu. Visram aliifuata, akifungua maduka kila ilikosogea, kisha akavuka ziwa kwa majahazi yake hadi Entebbe, Kampala na Jinja.

Faida kwa mkulima wa huko ilikuwa ya wazi. Serikali ilitaka kodi, naye fedha hana. Duka la Visram lilinunua ngozi, ufuta na baadaye pamba, likalipa, na hapo hapo likamuuzia chumvi na kitambaa. Wahindi wadogo wadogo walichukua mali kwa mkopo kutoka kwake wakaenda kuuza vijijini. Hata serikali ya Uganda ilimtumia kama benki, maana benki zenyewe zilikuwa hazijafika. Si ajabu wengine walimwita mfalme wa Uganda asiye na taji.

Upande wa pili wa mpaka hesabu ilikuwa tofauti. Bukoba na Mwanza zilikuwa chini ya Wajerumani, lakini njia rahisi ya kwenda baharini ilikuwa reli ya Mwingereza. Ngozi na mazao yao yalipanda meli hadi Kisumu, yakashuka Mombasa. Wakulima wa ziwani walipata soko, ila Bagamoyo ilikosa mzigo, na mpagazi wa Kinyamwezi aliyeishi kwa kubeba mizigo hiyo akaanza kukosa kazi. Hao ndio watu wanaosahaulika wanapotajwa wanufaika wa biashara ya mipakani. Wajerumani walihangaika kujibu kwa reli ya kati kutoka Dar es Salaam, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mwanza ilisubiri reli yake hadi 1928.

Hatari kubwa zaidi ilionekana Agosti 1914. Vita vilipoanza, ziwa lililokuwa barabara likawa uwanja wa mapigano, na Juni 1915 Waingereza waliishambulia Bukoba yenyewe. Eneo lililokuwa limezoea kuuza kupitia kwa jirani likajikuta mlango umefungwa.

Visram hakuona mwisho wa vita hivyo. Alirudi kutoka safari ya Kongo akiwa na homa, akafariki Mombasa mwaka 1916. Mwanawe Abdulrasul alirithi mtandao uliosimama juu ya mikopo na jina la mtu mmoja. Baada ya vita bei ya pamba ilianguka, na rupia ikaondolewa, ikaja florini, kisha shilingi, yote ndani ya muda mfupi. Abdulrasul naye alifariki mwaka 1923, na kampuni ikavunjika. Wenye maduka madogo waliotegemea mali yake ya mkopo walilazimika kutafuta mlango mwingine.

Shule ya sekondari yenye jina la Alidina Visram, iliyojengwa kwa fedha za familia hiyo, bado ipo Mombasa.